WATU WATANGULIE KWANZA: HAKI YA MUME NA MKE KUCHEKA PAMOJA

(Mada iliyotolewa msikitini Tanga, baina ya Magharibi na Isha, mbele ya waumini wanaume na wanawake)

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), aliyeumba viumbe kwa jozi na akatia mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa mbora wa watu kwa ahali zake, na ziwafikie jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Nimezoea kukaa mbele yenu nikizungumzia tohara, Swala, Zaka na malezi. Usiku wa leo ninazungumzia jambo ambalo baadhi yenu huenda mkaliona dogo mno kwa darsa ya msikitini. Ninazungumzia mume na mke kucheza, kutaniana na kucheka pamoja kwa njia ya halali, hususan katika miaka ile ambayo nyumba imejaa watoto na mikono imejaa kazi. Sikuichagua mada hii kitabuni. Iliniletea mtoto.

SWALI LA MTOTO

Mtoto wangu wa kwanza ana umri wa miaka tisa. Usiku mmoja, baada ya chakula, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie: "Baba, wewe na mama mmegombana?" Nikamjibu kuwa la, hatujagombana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mbona hamcheki?"

Wallahi, ndugu zangu, nimeulizwa masuala ya mirathi yenye warithi wengi na mafungu ya kutatanisha, nikayafungua moja baada ya jingine. Swali lile la mtoto sikuwa na jibu lake.

Nikakaa nikaihesabu siku yangu. Alfajiri niko msikitini. Asubuhi niko darasani nikisomesha Kiarabu. Baada ya Adhuhuri ninasahihisha madaftari, baada ya Alasiri ni madrasa, Magharibi hadi Isha ni darsa, na mwisho wa wiki ni semina, au nikaha, au maziko. Mke wangu naye huamka kabla ya adhana. Huwatayarisha watoto wanne, hushona nguo za watu mpaka mchana, hupika, hufua, husimamia madaftari ya watoto, na mchanga yuko mgongoni wakati wote huo. Tukikutana usiku, mazungumzo yetu ni haya: Ada imelipwa? Maji yametoka? Mtoto amekunywa dawa? Gesi imebaki kiasi gani? Kisha mmoja anasinzia kabla mwenzake hajamaliza kujibu.

Ni kweli hatukugombana. Lakini tulikuwa tumegeuka kuwa wasimamizi wawili wa bweni moja, kila mmoja na zamu yake, tunakabidhiana watoto kama watu wanavyokabidhiana funguo. Mtoto wa miaka tisa aliliona hilo kabla ya baba yake anayesomesha watu fiqhi ya ndoa.

NYUMBA ISIYO NA UGOMVI WALA KICHEKO

Mimi na wenzangu hushirikishwa katika kusuluhisha wanandoa. Mashauri mengi yana sababu unayoweza kuishika: matumizi hayatolewi, mkono umenyanyuliwa, wazazi wameingilia. Lakini yapo mashauri mengine yanayotisha zaidi kwa sababu hayana pa kuyashikia.

Walitujia mume na mke waliokaa pamoja zaidi ya miaka ishirini. Mume ni mtu wa Swala na mkewe ni mtu wa heri. Tulipowauliza kosa ni la nani, wote wawili waliinamisha vichwa. Mtoto wao wa mwisho alikuwa amekwenda kusoma bweni, na nyumba imebaki watu wawili. Mwanamke akasema kwa unyonge: "Ustadhi, hatuna ugomvi. Ila tukishakula hatuna la kuambiana." Walikuwa wameilea familia kwa uaminifu mkubwa, na katika kuilea huko wakasahaulina wao wenyewe. Watoto walikuwa ndiyo mazungumzo yao, na watoto wameondoka.

Hapa ndipo ilipo hatari, enyi waja wa Allah. Tunadhani ndoa huvunjwa na dhambi kubwa peke yake. Nayo huweza kudhoofika taratibu kwa kuachwa bila kunyweshwa maji, kama mchungwa ulioko uani: hakuna aliyeukata, lakini hakuna aliyeumwagilia. Na Waswahili wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

JE, HUU SI UPUUZI?

Atasema mmoja wetu: sisi ni watu wa da'awa, umma una matatizo, watoto wetu hawajui Qur'ani, nawe unatuita kwenye mchezo? Suala hili lina haki ya kujibiwa kwa dalili.

Imamu an-Nasai amepokea Hadithi ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) anaeleza kuwa kila kisichokuwa ndani yake kumtaja Allah ni mchezo usio na faida, kisha akavua mambo manne: mtu kutembea baina ya shabaha mbili za mishale, kumfundisha farasi wake, kujifunza kuogelea, na kucheza na mkewe. Tazameni jambo hilo la mwisho limewekwa na nini. Limewekwa pamoja na maandalizi ya kuulinda umma. Mishale na farasi huilinda mipaka ya nje, na mchezo wa mume na mkewe huulinda mpaka wa ndani.

Na katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imo habari ya Jabir bin Abdillah (r.a.). Alikuwa kijana aliyeoa karibuni, na walikuwa wanarejea kutoka safari ya vita. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama ameoa mwanamwali au mwanamke aliyewahi kuolewa. Jabir akajibu kuwa ameoa aliyewahi kuolewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuoa mwanamwali, wakacheza yeye naye, na katika riwaya nyingine, wakachekeshana. Jabir akaeleza udhuru wake: baba yake alikuwa ameuawa shahidi Uhud na akaacha mabinti, saba au tisa kwa tofauti ya riwaya, naye hakupenda kuwaletea msichana mfano wao, bali alitaka mwanamke mzima wa kuwatunza. Mtume (s.a.w.) akamuunga mkono na akamuombea baraka.

Hatusemi kuwa aliyewahi kuolewa hana furaha ndani yake, kwani wake wengi wa Mtume walikuwa wamewahi kuolewa kabla yake. Tunachojifunza ni kuwa Mtume alipomfikiria kijana huyu na ndoa yake mpya, moja ya mambo aliyoyataja ni kucheza na kucheka. Tena aliyataja kwa mtu anayetoka vitani na mwenye mzigo wa mayatima nyumbani. Uzito wa majukumu ya Jabir haukuifanya furaha yake na mkewe kuwa jambo lisilofaa kuulizwa.

TANGULIENI

Sasa njooni kwenye kisa ambacho wengi wetu tunakijua nusu. Tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.). Kisa hicho kimepokewa na Abu Daud, Ahmad na wengineo. Bi Aisha anasimulia kuwa alikuwa safarini pamoja na Mtume, na yeye wakati huo ni msichana mwepesi wa mwili. Wakashindana kwa miguu, akamshinda. Mtume akalinyamazia jambo lile. Ikapita muda, Bi Aisha akanenepa na akasahau. Wakatoka tena katika safari nyingine. Mtume akawaamuru watu watangulie mbele, wakatangulia. Kisha akamwita mkewe washindane. Safari hii akashinda yeye, akawa anacheka huku akimwambia kuwa ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza.

Ninakuombeni tuyatazame mambo matatu katika kisa hiki.

Jambo la kwanza ni wakati. Hakuwa mtu aliyekaa bure. Alikuwa safarini na watu wake, yeye ndiye imamu wao, kadhi wao na amiri jeshi wao. Hakungoja kazi ziishe ndipo acheze na mkewe, kwa sababu kazi za mfano wake haziishi. Alichofanya ni kuutengeneza wakati: aliwaambia watu watangulie. Kwa muda mfupi msafara mzima ulikwenda mbele, na nyuma wakabaki mume na mke.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Bi Aisha mwenyewe anakiri kuwa alikwisha kusahau. Aliyekumbuka ni Mtume (s.a.w.). Ndani ya kifua kilichobeba wahyi na hamu ya umma, palikuwa na nafasi ya kukumbuka mchezo mmoja na mkewe, na kuuhifadhi mpaka upate mwenziwe. Mimi na wewe tunakumbuka tarehe ya kodi na matokeo ya mpira. Ni mchezo gani wa mwisho wewe na mkeo mliocheza, na bado unauwekea malipo?

Jambo la tatu ni adabu. Aliyetaja unene wake ni Bi Aisha mwenyewe. Mtume alifurahia ushindi, hakuudhihaki mwili wa mkewe.

MTOTO YUMO NDANI YA NYUMBA

Wengi watasema: Ustadhi, Bi Aisha hakuwa na watoto, sisi nyumba yetu ina watoto sita na wa ndugu wawili. Basi sikilizeni habari ya Ibn Abbas (r.a.), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Alilala usiku mmoja kwa mama wa waumini, nyumbani kwa Bi Maimuna (r.a.), ambaye ni dada wa mama yake, naye Ibn Abbas alikuwa mtoto. Alilala kwa upana wa mto, na Mtume na mkewe wakalala kwa urefu wake. Anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alizungumza na mkewe kwa muda, kisha akalala, na baadaye akaamka kuswali Swala ya usiku.

Sisi masheikh tukiisoma Hadithi hii huikimbilia sehemu ya Swala: rakaa ngapi, alisimama upande gani, alivutwa sikio namna gani. Ni elimu kubwa hiyo. Lakini mtoto yule aliibeba na sehemu ya kwanza pia. Katika chumba kidogo chenye mto mmoja, mgeni mtoto amelala hapo, mume na mke walipata muda wao wa mazungumzo kabla ya usingizi. Na mtoto yule aliyaona yote mawili: mazungumzo na tahajjudi. Watoto wetu pia wanaona, hata tunapodhani wamelala.

Na tumejua kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha. Pamoja na hayo, Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu kuhusu kuzungumza usiku na ahali na mgeni. Wakati ule tunaokatazwa kuupoteza barazani, ahali wetu wana fungu lao ndani yake.

Bali hata katika itikafu, ambayo mja hujitenga kwa ajili ya Mola wake, Bi Safiyya (r.a.) alikwenda kumtembelea mumewe msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani. Akazungumza naye kwa muda, na alipoinuka kurudi, Mtume (s.a.w.) aliinuka naye kumsindikiza. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi ni kazi gani yetu iliyo tukufu kuliko itikafu ya Mtume, hata isimpe mke nafasi ya kuzungumza?

NGUO ZA UMMU DARDAA

Ipo dalili nyingine inayotuhusu sisi wenye kujiita watu wa dini. Salman al-Farisi (r.a.) alimtembelea nduguye Abu Dardaa (r.a.), akamkuta Ummu Dardaa amevaa nguo za kuchakaa, hajitazami. Alipomuuliza kulikoni, akamjibu kuwa nduguye Abu Dardaa hana haja na mambo ya dunia. Hakushtaki kupigwa wala kunyimwa chakula. Salman akalielewa shitaka hilo lilipo. Akamlazimisha mwenyeji wake kufungua saumu yake ya sunna ale pamoja naye, akamzuia asisimame usiku wote, kisha mwishoni mwa usiku wakaswali pamoja. Akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.) akasema kuwa Salman amesema kweli. Haya yamo katika Bukhari.

Neno lililotumika hapo ni haki. Anayeichelewesha mpaka watoto wakue, mpaka nyumba iezekwe, mpaka astaafu, anachelewesha deni.

KINACHOTUZUIA

Akina baba, tuwe wakweli. Tunasema hatuna muda, na kisha tunatoka Isha tunakwenda kijiweni mpaka saa tano. Kuna muda wa kutazama mpira wa Ulaya tangu mwanzo hadi mwisho, na watani wa jadi tunawajua wachezaji wao kwa majina. Kuna muda wa kusoma kila ujumbe katika simu. Hata wenye kazi ya da'awa wana mtihani wao: tunawachekea wanafunzi na wageni, tabasamu linaishia mlangoni, na mke anapewa kilichobaki, nacho ni uchovu.

Na akina mama, nanyi mna fungu lenu. Mume anapopata nusu saa, isiwe ndiyo saa ya kusomewa madaftari ya mashitaka ya wiki nzima. Ada, mawifi na bomba lililovunjika vina wakati wake. Tena wapo kati yenu waliouweka uzazi mbele kiasi kwamba mume akisema twende tutembee, jibu ni "nani atabaki na watoto?", na suala hilo halitafutiwi jibu mpaka mume akaacha kuuliza.

Lakini asidhani mwanamume kuwa furaha inaagizwa kama chai. Huwezi kumtaka acheke mwanamke aliyesimama tangu Alfajiri, na wewe umekaa ukimtazama. Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za ahali zake, na ukifika wakati wa Swala hutoka. Chota maji, kunja nguo, walaze watoto wewe. Kicheko cha mke wakati mwingine huanzia kwenye ndoo aliyobebewa.

NJIA ZA KUFUATA

Kwanza, wekeni miadi. Jambo lisilo na siku yake huliwa na mambo yenye siku zake. Chagueni usiku mmoja katika wiki, au asubuhi moja, na muitunze kama mnavyotunza siku ya darsa. Haba na haba hujaza kibaba: saa moja kila wiki ni zaidi ya saa hamsini kwa mwaka.

Pili, watangulizeni watu. Simu ziwekwe chumba kingine. Watoto walazwe mapema, au wapelekwe kwa bibi yao, au mpatane na jirani mwema: wiki hii wa kwako walale kwetu, wiki ijayo wa kwetu walale kwenu. Matembezi pamoja na watoto yana thawabu zake na tusiyaache, lakini hayachukui nafasi ya haya. Baba na mama hukaa na watoto, na mume na mke nao wakae.

Tatu, msingoje fedha. Si lazima hoteli. Mji wetu wa Tanga umejaa baiskeli, basi mpakie mkeo nyuma kama ulivyompakia mlipooana. Nendeni Raskazone mapema kabla watu hawajajaa, mtembee mchangani na mnywe madafu. Siku nyingine kaeni uani na kahawa na kashata, mtegeane vitendawili kama mlivyokuwa watoto. Pikeni pamoja chakula ambacho mume ndiye mwenye kukaanga, na mke ana ruhusa ya kucheka.

Nne, sikilizaneni. Bi Aisha (r.a.) alimsimulia Mtume habari ndefu ya wanawake kumi na moja na sifa za waume zao, ambayo wanavyuoni wanaiita Hadithi ya Ummu Zar'i. Akaisikiliza, kisha akamwambia kuwa yeye kwake ni kama Abu Zar'i alivyokuwa kwa Ummu Zar'i. Mkeo naye ana hadithi yake. Imalize kuisikiliza.

Tano, walio mbali wasijitoe katika haya. Wapo kati yetu madereva wa malori, mabaharia, na walio kazini Oman na kwingineko. Simu yako nyumbani isiwe ya fedha na maradhi tu. Piga siku moja kwa ajili ya kucheka.

MIPAKA YAKE

Kila jambo katika Uislamu lina mipaka. Mtume (s.a.w.) alifanya mzaha na hakusema ila kweli, basi utani usiwe wa uongo. Usiwe wa kumtisha mwenzako, wala wa kudhihaki rangi yake, mwili wake au wazazi wake, kwa kuwa utani unaomfurahisha mmoja na kumuumiza mwingine ni dhulma iliyovaa nguo ya furaha. Usiwe mbele ya watu kwa kumfedhehi, na siri za chumbani zibaki chumbani. Usiwe wa kamari, wala katika mikusanyiko ya haramu, na usipitishe Swala wakati wake.

Na anayeogopa kuwa kicheko kitaupunguza ucha Mungu wake, amkumbuke Handhala (r.a.). Alidhani amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho, na akirudi kwa mke na watoto husahau mengi. Mtume (s.a.w.) alimweleza kuwa lau wangedumu katika hali ile, Malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani, lakini mambo ni saa hii na saa ile. Imepokewa na Muslim.

YALIYONIPATA MIMI

Nimemuomba ruhusa mke wangu kabla ya kuwaambieni haya. Baada ya swali lile la mtoto, niliwaomba wenzangu wanipunguzie darsa ya usiku wa Alhamisi, nao wakakubali. Alhamisi ya kwanza tuliketi uani juu ya mkeka, watoto wamelala, na nakiri mbele yenu: hatukuwa na la kusema. Tulizungumzia bei ya mchele. Alhamisi ya pili nilisinzia. Mke wangu hakunilaumu. Alinifunika shuka, na asubuhi akaniambia, "Ustadhi, wiki ijayo ulale mchana."

Ilikuwa ya tatu ndipo alipotega kitendawili alichofundishwa na bibi yake, nikashindwa, akadai mji, nikampa Makka, akasema Makka si yangu ya kutoa. Tukacheka mpaka mchanga akaamka. Nilikisikia kicheko chake nikakumbuka kuwa ndicho nilichokisikia mwaka ule tulipooana, na kwamba kilikuwa humu humu ndani muda wote, hakuna aliyekibishia hodi. Tangu hapo tumekwenda na Raskazone baada ya Alfajiri, na ufukwe ukiwa mtupu tumeshindana mbio. Aliyeshinda simtaji. Ninachoweza kusema ni kuwa nadai mechi ya marudiano.

Wiki iliyopita yule mtoto wa miaka tisa alinijia tena, amenuna. Akasema: "Baba, Alhamisi mnacheka sana, tunashindwa kulala." Nikamwomba radhi, na moyoni nikamshukuru Allah (s.w.).

Ndugu zangu, wapo leo hapa ambao wake zao wako nyuma ya pazia hili wanasikiliza. Baada ya Isha msipitie kijiweni. Rudini pamoja kwa miguu, polepole, na mmoja amuulize mwenzake jambo lisilohusu ada wala dawa. Watoto watangulie mbele.

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wake zetu, waume zetu na watoto wetu kitulizo cha macho. Zifufue nyumba zilizonyamaza, waunganishe waliotengana nyoyo wakiwa chini ya paa moja, na wafariji wajane na wote waliofiwa na wenzao. Tujaalie tucheke kwa halali duniani, na utukutanishe na wenzetu katika Pepo yako. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake wote. Wal-hamdu lillahi Rabbil-aalamin.